Kupatana, Kufungamana na Kuridhiana: Uhakiki wa Maneno ya Mageuzi ya Katiba katika Kenya

Mtu akiyapitia majina yaliyotumika katika siasa ya Kenya tangu mwaka 1990 ataona jambo linalostahili kuangaliwa na wanasarufi. Vyama vya siasa vilivyokuwa na nguvu vilijiita, vingi vyao, kwa herufi za Kiingereza: KANU, FORD, DP, NARC, PNU, ODM. Safina ni mojawapo ya vichache vilivyoiacha desturi hiyo. Lakini mambo ambayo watu waliyafanya nje ya vyama, au waliyoyafanya wakiivuka mipaka ya vyama, aghalabu yalipata majina ya Kiswahili: Saba Saba, Nane Nane, Ufungamano, na baadaye Maridhiano. Yaonekana kana kwamba lugha za nyumbani na lugha ya wakubwa zote mbili zilikuwa nyembamba mno kwa kazi ya kuwakutanisha watu wa makabila, dini na vyama mbalimbali, na Kiswahili kikaitwa kuja kuwapokea.

Makala haya hayakukusudia kuisimulia upya historia ya katiba, kazi ambayo wanasheria na wanahistoria wameifanya vema. Nia yake ni kuyapima maneno matatu ya mageuzi hayo, kupatana, kufungamana na kuridhiana, na kuuliza swali ambalo kila mwalimu wa sarufi humwuliza mwanafunzi wake: kiima cha kitendo hiki ni nani? Nitajaribu kuonyesha ya kuwa mageuzi ya Kenya yalipata nguvu wananchi walipokuwa kiima, na yalilegea walipogeuzwa kuwa yambwa. Na ya kuwa maneno yenyewe, kama yangalisikilizwa, yangalitoa onyo mapema.

Sarufi ya kutendana

Maneno yote matatu yana kiambishi -an- cha kutendana. Kitenzi patana chatokana na pata, na makazi yake ya zamani ni sokoni: muuzaji na mnunuzi hupatana bei, kila mmoja akiachia kidogo. Kitenzi ridhiana chatokana na ridhi, neno tulilolipokea kutoka Kiarabu pamoja na nduguye radhi. Fungamana kina ujenzi wa namna ya peke yake. Juu ya shina fung- limewekwa kwanza -am-, kiambishi kilichomo pia katika simama, inama na kwama, nacho chaonyesha jinsi kitu kilivyokaa. Kisha limefuata -an-. Jamaa zake ni shikamana, gandamana na andamana. Tofauti ya maana ni kubwa. Mzigo wa kuni hufungwa, na yuko aliyeufunga. Mizizi ya miti miwili jirani hufungamana, wala hayuko mfungaji.

Hapa sarufi yatupa kanuni moja iliyo wazi. Twaweza kusema "wananchi wamefungamana". Hatuwezi kusema "viongozi wamewafungamana wananchi". Atakaye kumleta mtenda kutoka nje hana budi kukinyambua kitenzi kiwe fungamanisha, au patanisha, na papo hapo wananchi wameshuka kutoka mahali pa kiima hadi mahali pa yambwa. Lugha haikatazi jambo hilo. Lugha yadai tu kwamba likitendeka, litajwe kwa kitenzi chake.

Lakini kauli ya kutendana ina mlango wa nyuma, na wanasiasa wameutumia sana. Sentensi "Juma na Ali wamepatana" yaweza pia kusemwa "Juma amepatana na Ali". Katika ya kwanza wote wawili ni kiima na wako sawa. Katika ya pili kiima ni Juma peke yake. Ali amewekwa nyuma ya na, akiwa mwandani wa kitendo cha mwenziwe. Tukiipanua mifano hiyo twaona ngazi nne: wananchi wamepatana; wakubwa wamepatana; mkubwa mmoja amepatana na mwingine; wakubwa wamewapatanisha wananchi. Kila ngazi yamshusha mwananchi, na jina la kitendo, yaani mapatano, labaki lile lile. Jina huficha kile ambacho kitenzi hukidhihirisha. Ndiyo sababu mhakiki hapaswi kuridhika na majina. Hana budi kuyarudisha katika vitenzi vyake na kukitafuta kiima.

Kupatana kwa wabunge, 1997

Tarehe 7 Julai 1997 mikutano ya kudai mageuzi iliitishwa mjini Nairobi na kwingineko, nayo ikavunjwa kwa nguvu. Polisi waliingia hata ndani ya kanisa kuu la All Saints, na Mchungaji Timothy Njoya alikuwa miongoni mwa waliopigwa. Tarehe 8 Agosti ukafuata mgomo. Siku hizo mbili zaitwa kwa hesabu tupu, Saba Saba na Nane Nane, na msomaji wa Tanzania atatambua ya kuwa kwake maneno hayo hayo yana historia nyingine kabisa, moja ikiwa siku ya kuzaliwa kwa TANU na nyingine sikukuu ya wakulima. Jina la tarehe halina mwenyewe. Kila taifa hulijaza lake.

Baada ya misukosuko hiyo wabunge wa KANU na wa upinzani waliketi pamoja katika kundi lililojulikana kwa herufi za IPPG, wakaafikiana juu ya marekebisho machache kabla ya uchaguzi wa Desemba 1997. Sheria za mikutano ya hadhara zililegezwa, na upinzani ukapata nafasi ya kupendekeza makamishna wa uchaguzi. Hayo si haba, wala haifai kuyabeza. Lakini lilikuwa jambo la kupatana katika maana yake ya sokoni. Wenye bidhaa walikuwa wabunge. Bei ilikuwa uchaguzi uliokaribia. Na katiba yenyewe, ambayo watu walipigwa kwa ajili yake, iliachwa kwa siku nyingine. Mipaka ya vyama ilivukwa, naam, lakini ilivukwa na wenye vyama.

Ufungamano, 1999 hadi 2001

Katika miaka ya 1960 kitenzi fungamana kilijulikana zaidi kwa kukanushwa. Redio na magazeti yalizungumza juu ya siasa ya kutofungamana na upande wowote, yaani nchi changa kukataa kujitia katika kambi ya Magharibi au ya Mashariki. Wakati huo kiima kilikuwa dola. Miongo mitatu baadaye neno lilirudi likiwa limevua ukanushi wake, na kiima kimekuwa kingine.

Serikali ya Rais Daniel arap Moi ilipotaka kazi ya kuirekebisha katiba iongozwe na Bunge, watu wa dini na wa vyama vya kiraia walikataa. Mnamo Desemba 1999 makanisa, Waislamu na Wahindu, pamoja na mashirika ya wanawake, ya wanasheria na ya watetezi wa haki, walikutana katika jumba la Ufungamano jijini Nairobi, na harakati yao ikabeba jina la jumba hilo. Mwaka 2000 waliunda tume yao wenyewe ya kukusanya maoni ya watu, ilhali Bunge nalo lilikuwa na sheria ya tume nyingine. Profesa Yash Pal Ghai, aliyeteuliwa kuiongoza tume ya serikali, alishikilia kwamba kazi isianze kwa pande mbili zinazovutana, na mwaka 2001 tume hizo mbili ziliunganishwa. Wako waliouona muungano huo kuwa ni kusalimu amri. Mimi nauona kuwa ni mahali pa nadra katika historia ile ambapo walio nje ya dola walifungamana kwanza wenyewe, ndipo dola ikalazimika kuja kwao.

Msomaji aweza kupinga akisema: jina hilo lilipatikana kwa bahati tu, kama wangalikutana katika jumba la jina jingine, tungalikuwa na neno jingine. Ni kweli. Lakini majina mengi ya lugha yalianza kwa bahati, na swali la mwanaisimu ni kwa nini wasemaji hulipokea moja na kuliacha jingine. Neno hili lilipokewa kwa sababu lilisema kweli juu ya jambo lililotendeka: Askofu, Shehe na wakili hawakuwa kitu kimoja, wala hawakujidai kuwa kitu kimoja. Mizizi iliyofungamana yaweza kuwa ya mwembe na ya mkorosho.

Yafaa pia kusema, ili tusilipambe neno kupita kiasi, ya kuwa lilidumu kadiri ya haja iliyolizaa. Kufikia mwaka 2010 viongozi wengi wa makanisa waliipinga katiba iliyopendekezwa, hasa kwa sababu ya mahakama za Kadhi na kifungu kinachohusu utoaji mimba, na Waislamu wakasimama upande mwingine. Walikuwa wamefungamana juu ya nani aiandike katiba. Hawakuwa wamefungamana juu ya yatakayoandikwa.

Raia, mwananchi na Wanjiku

Kama kiima ni watu, watu hao waitweje? Kiswahili kilikuwa na maneno mawili tayari. Raia asili yake katika Kiarabu ni kundi lichungwalo. Tangu kuzaliwa kwake neno limemweka mtu mbele ya fimbo ya mchungaji. Mwananchi ni neno bora zaidi, kwa kuwa limemfanya mtu mwana wa nchi. Lakini katika mabaraza ya miaka mingi lilitumika mno katika wito: "Wananchi!" akapaaza sauti msemaji, kisha wananchi hao wakaelezwa la kufanya. Neno lizoealo kuitiwa husahau kutenda.

Hapo ndipo lilipoingia jina la Wanjiku. Yasimuliwa ya kuwa Rais Moi, akipinga wazo la kuwashirikisha watu wa kawaida, aliuliza Wanjiku ajua nini juu ya katiba. Swali la dharau likageuzwa kuwa bendera. Mchoraji wa katuni Gado, mzaliwa wa Tanzania, alimchora Wanjiku katika magazeti ya Nairobi akiwa mwanamke wa kawaida aonaye kila kitu, na baada ya muda wanasheria wenyewe walikuwa wakisema "katiba ya Wanjiku". Jina ni la Kikuyu, na katika nchi yenye makabila zaidi ya 40 mtu angaliweza kutazamia ugomvi. Hata hivyo lilivuka. Wasemaji wa Kiswahili hatuna haja ya kuona wivu, lakini yatupasa kujiuliza: ikiwa watu walihitaji kuazima jina la mwanamke mmoja ili kupata kiima chenye uhai, je, neno letu mwananchi tulilifanya nini?

Jibu limo katika kazi ya Tume. Katika mwaka 2002 makamishna walikwenda katika majimbo yote 210 ya uchaguzi, wakawasikiliza watu wakisema kwa Kiswahili, kwa Kiingereza na kwa lugha zao za kwanza. Hapo mwananchi hakuitwa ili aambiwe. Aliitwa ili aseme. Kisha ukafuata Mkutano wa Bomas, wa mwaka 2003 hadi 2004, wenye wajumbe 629: wabunge wote, wajumbe watatu kutoka kila wilaya, na wawakilishi wa dini, vyama, wanawake na walemavu. Hata jina la mahali lina funzo. Boma ni neno letu lenye wingi maboma. Hapa limevikwa -s ya Kiingereza, likawa jina la ukumbi wa utamaduni. Na kweli mkutano wenyewe ulikuwa hivyo: mwili wa nyumbani, mkia wa ugenini.

Picha mbili, kisha damu

Mawaziri wa serikali mpya walitoka katika Mkutano wa Bomas mnamo Machi 2004. Wajumbe waliobaki waliupitisha mswada wao, lakini mwaka 2005 mswada uliofikishwa kwa wapiga kura ulikuwa umekwisha kubadilishwa, nao ukaitwa kwa jina la Mwanasheria Mkuu, Amos Wako. Kiima kilikuwa kimehama. Katika kura ya maoni ya tarehe 21 Novemba 2005, karibu watu sita katika kila kumi waliukataa.

Ili asiyejua kusoma aweze kuchagua, zilitumiwa picha mbili: ndizi kwa ndiyo, chungwa kwa hapana. Nia ilikuwa njema. Matokeo yake mhakiki wa ishara hawezi kuyapita. Chungwa, lililokuwa jibu la wananchi kwa swali moja, liligeuka kuwa jina la chama, Orange Democratic Movement, na jina hilo likarudi mara moja katika herufi tatu za Kiingereza. Kura iliyowakutanisha watu wa vyama mbalimbali ilizaa chama kingine cha kushindana. Katika kura ya mwaka 2010 matunda yaliachwa, zikatumiwa rangi mbili tu, kijani na nyekundu. Na ilikuwa busara, kwa maana rangi ni vigumu zaidi kuigeuza ofisi ya chama.

Baada ya uchaguzi wa Desemba 2007 zaidi ya watu 1,100 waliuawa, na mamia ya maelfu wakafukuzwa makwao. Hapa hatuna budi kukiri ya kuwa kauli ya kutendana haina wema ndani yake. Kupigana na kuuana navyo vina -an- ile ile. Tena methali yetu ya tembo wapiganapo nyasi huumia imeyasema hayo kwa sarufi kamili: tembo wana kitenzi cha kutendana, nyasi wana kuumia tu. Tarehe 28 Februari 2008 Mwai Kibaki na Raila Odinga walitia sahihi mapatano mbele ya mpatanishi, Kofi Annan. Yalihitajika, nayo yaliyaokoa maisha ya wengi. Lakini mapatano ya tembo huwapa nyasi nafuu, hayawapi kiima.

Kiima kilirudi, kwa sehemu, tarehe 4 Agosti 2010. Kamati ya Wataalamu iliandika, Bunge likahakiki, viongozi wakuu wa pande mbili wakaunga mkono, na wengine, wakiwemo William Ruto na makanisa mengi, wakapinga. Hata hivyo maoni yaliyokusanywa majimboni miaka minane nyuma yalikuwa ndiyo udongo wa kazi, na takriban asilimia 67 ya wapiga kura waliikubali katiba hiyo kwa amani. Ilitangazwa rasmi tarehe 27 Agosti 2010.

Radhi ya nani?

Tarehe 9 Machi 2018 Rais Uhuru Kenyatta na Raila Odinga walipeana mikono hadharani mjini Nairobi. Magazeti ya Kiswahili yaliliita tendo hilo kwa neno la mkopo, handisheki, na mpango uliotokana nalo, ambao kwa Kiingereza ulikuwa na jina la kujenga madaraja, yakauita Mpango wa Maridhiano. Tafsiri hiyo haikufuata neno. Ilitafuta neno tukufu zaidi. Na hapo ndipo palipo na kosa ninalotaka kulionyesha.

Katika desturi ya Waswahili radhi si makubaliano ya kawaida. Mtoto huomba radhi ya wazazi. Aliyekosa humwambia mwenziwe "niwie radhi". Radhi yatoka kwa yule aliyedhulumiwa, wala haitolewi kwa wakala. Maridhiano, basi, ni pale waliokoseana wanapopeana radhi. Kama ni kwa damu ya mwaka 2008, au ya uchaguzi wa 2017, wenye radhi ya kutoa ni waliofiwa na waliochomewa nyumba. Watu wawili wakipeana mikono, tendo lao laweza kuitwa mapatano, na laweza kuwa jema. Kuliita maridhiano ni kutoa radhi iliyo mfukoni mwa mtu mwingine.

Mpango huo ulifikia hatua ya kutaka kuibadili katiba kwa njia ambayo katiba yenyewe imewawekea watu, yaani pendekezo lenye sahihi za wapiga kura wasiopungua milioni moja. Sahihi zilipatikana. Lakini Mahakama Kuu tarehe 13 Mei 2021, Mahakama ya Rufaa tarehe 20 Agosti 2021, na mwisho Mahakama ya Juu tarehe 31 Machi 2022, zilikataa mpango huo. Mahakama ya Juu ilitofautiana na zile za chini katika mambo kadhaa, ila katika hili ilikubaliana nazo: Rais hawezi kuwa mwanzilishi wa pendekezo la wananchi. Majaji hawakutaja sarufi, lakini swali walilolijibu lilikuwa letu. Waliuliza kiima ni nani, wakakuta ya kuwa sahihi milioni moja zilikuwa nyuma ya na.

Deni la lugha

Liko jambo moja la mwisho, nalo latuhusu sisi tulio katika taasisi za Kiswahili kuliko mtu mwingine yeyote. Ibara ya 7 ya katiba ya mwaka 2010 yakifanya Kiswahili kuwa lugha ya taifa, na Kiswahili na Kiingereza kuwa lugha rasmi. Lakini ibara ya 259 yasema ya kuwa matoleo ya lugha mbalimbali yakigongana, lile la Kiingereza ndilo litakaloshinda. Lugha iliyoipa harakati majina yake, na ambayo watu wengi waliitumia kueleza haja zao majimboni, haiwezi kuamua neno hata moja mbele ya jaji. Sheria yaweza kuwa na sababu zake, na hapana shaka mwandishi wa sheria atazitaja: maana moja, usalama wa hukumu, uzoefu wa mahakama. Nazikubali kuwa sababu za kuanzia. Sizikubali kuwa sababu za kubaki hapo, maana kutokuwa na toleo la Kiswahili lenye kutegemewa mahakamani kutatokana na uvivu wetu zaidi ya upungufu wa lugha.

Kazi zinazotungoja ni tatu. Ya kwanza ni ya watunga kamusi: fungamana na ridhiana viandikwe pamoja na mifano ionyeshayo kiima chao, ili msomaji aone tofauti ya "tumeridhiana" na "ameridhiana na". Ya pili ni ya wafasiri na wanasheria kwa pamoja: tafsiri ya katiba ipitiwe kifungu kwa kifungu, na kila penye mgongano paonyeshwe, ili siku moja Bunge liombwe kuliangalia upya sharti la ibara ya 259 likiwa na ushahidi mkononi. Ya tatu, nayo ndiyo niipendayo zaidi, ni ya wanafunzi wetu wa shahada za juu. Kumbukumbu za vikao vya Tume majimboni zimo maneno ya wakulima, wavuvi, walimu na wachuuzi, yaliyoandikwa kama yalivyosemwa, mengi yao kwa Kiswahili. Ni hazina ya usemi wa kisiasa ambayo hakuna mshairi wala mwanachama aliyeipanga. Aliye tayari kuhesabu humo ni mara ngapi msemaji asema "sisi tunataka" na mara ngapi "serikali itusaidie" atatuambia juu ya mageuzi ya Kenya jambo ambalo hotuba za viongozi haziwezi kutuambia.